Nguo Hushonwa Kwanza Kwenye Karatasi

Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo wanaoagiza nguo ng'ambo



Mmeniomba nizungumzie uagizaji wa nguo za kutengenezewa. Hapa sizungumzii nguo ambazo mtu anazikuta zimetundikwa dukani Guangzhou, anachagua, anafunga robota na kurudi nalo Kariakoo. Nazungumzia nguo ambazo mfanyabiashara mwenyewe anaamua kitambaa, rangi, vipimo, lebo na nembo, kisha kiwanda cha mbali kinamshonea: sare za shule, polo za wafanyakazi wa kampuni, jezi za timu za mtaani, abaya za Idi, magauni yenye chapa ya duka lako mwenyewe.

Biashara hii imewainua vijana wengi, hasa akina mama waliokuwa na mtaji mdogo na jicho zuri la mtindo. Imewafilisi wengine pia. Nimeona mizigo mingi ikifunguliwa, na kila mzigo ulioharibika ulinifundisha jambo lilelile, nalo ndilo hoja yangu leo: ubora wa nguo ya kuagiza huamuliwa kabla mkasi haujagusa kitambaa. Huamuliwa na mwagizaji, kwa yale aliyoyaandika na yale aliyoyaacha bila kuyaandika. Kiwanda hujaza kila nafasi uliyoiacha wazi, na huijaza kwa kile kinachokigharimu kidogo.

Tuanze na historia, kwa sababu watu wa mwambao huu si wageni katika kazi hii.

Katika karne ya 19, kitambaa kilichotawala soko la Zanzibar na njia za misafara kuelekea bara kilikuwa merikani, pamba nzito isiyopaushwa iliyofumwa Massachusetts na kuletwa na meli za bandari ya Salem. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, biashara hiyo ilishamiri. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake Domesticating the World cha mwaka 2008, ameeleza kwa kina jinsi wanunuzi wa Afrika Mashariki walivyowalazimisha wafumaji na wauzaji wa ng'ambo kufuata matakwa yao. Wanunuzi wa bara walijua uzito wa kitambaa wanachokitaka, upana wake na mguso wake. Kitambaa kilipimwa kwa mikono: shuka mikono 4, doti mikono 8. Mzigo uliokosea upana au rangi ulidoda, na nahodha alirudi kwao akiwa amejifunza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokata pamba ya huko, viwanda vya Uingereza na baadaye Bombay viliingia sokoni, lakini navyo vilitakiwa kutoa kitambaa kilekile ambacho soko lilikuwa limekwisha kukizoea.

Kisha ikaja kanga. Hapa ndipo uagizaji wa kutengenezewa unapoonekana wazi kabisa. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza 1887 na kujulikana mpaka leo kwa alama ya Mali ya Abdulla, liliuza kanga zilizochapwa mbali sana na Mombasa. Kwa miongo mingi kanga za mwambao zilichapwa Manchester, Uholanzi, India na Japani. Fikirini mfanyabiashara wa wakati ule: hana simu, hana picha ya kutuma, na barua yake inasafiri kwa meli. Ilimbidi aeleze pindo liweje, mji ujazwe nini, rangi ngapi, na jina liandikwe kwa maneno gani. Mchapaji wa Helmond, Uholanzi, au wa Manchester hakuwa akijua Kiswahili. Alichapa herufi kama zilivyofika. Kama herufi moja ilikosewa kwenye karatasi, ilikosewa kwenye doti zote. Kwa hiyo waliofanikiwa walikuwa wale waliojua wateja wao wanataka nini na waliojua kuliandika hitaji hilo bila kuacha mwanya.

Leo tuna simu mkononi, tuna picha, tuna WeChat na Alibaba, lakini wengi wetu tunaagiza kwa uangalifu mdogo kuliko wale wa barua na meli. Mtu anatuma picha aliyoiona mtandaoni, anaandika "nataka kama hii, vipande 300, XL iwe kubwa", analipa, anangoja. Huo si uagizaji.

Kwanza, karatasi.

Viwanda vyote vya nguo vilivyopangika hufanya kazi kwa karatasi ya maelezo ya nguo. Ni kurasa chache tu. Kuna mchoro wa mbele na wa nyuma. Kuna jina la kitambaa, mchanganyiko wake na uzito wake kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Kuna namba ya rangi, ambayo kwa kawaida hutajwa kwa kitabu cha Pantone, kwa sababu buluu ya kwenye simu yako na buluu ya kwenye simu ya mwenye kiwanda ni buluu mbili. Kuna jedwali la vipimo kwa kila saizi. Kuna mahali pa lebo, maandishi ya lebo, aina ya vifungo, rangi ya uzi, aina ya mshono, jinsi ya kukunja na jinsi ya kufungasha.

Nikomee kwenye jedwali la vipimo, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Herufi S, M, L na XL hazina maana moja duniani. Nguo iliyokatwa kwa soko la ndani la China, ikiandikwa XL, humbana mtu ambaye hapa kwetu anavaa L. Tena tofauti si ya ukubwa peke yake, ni ya umbo pia. Mwanamke wa Dar es Salaam au Mombasa anayevaa gauni la kiuno cha sentimeta 80 anaweza kuhitaji nyonga pana kuliko zinazotarajiwa na kiwanda kwa kiuno hicho. Ukiagiza kwa herufi, utapokea nguo zinazopita mabegani na kukwama nyongani. Agiza kwa sentimeta: kifua, kiuno, nyonga, mabega, urefu wa mkono, urefu wa nguo. Eleza kila kipimo kinachukuliwa wapi. Kifua cha polo, kwa mfano, hupimwa nguo ikiwa imelazwa juu ya meza, sentimeta mbili na nusu chini ya kwapa, kutoka ubavu hadi ubavu. Halafu andika kosa unaloweza kulivumilia: sentimeta moja kuzidi au kupungua kwenye kifua. Hicho kikiandikwa, mkaguzi ana cha kukagulia na kiwanda hakina cha kubishania.

Vipimo hivyo huvipati mtandaoni. Chukua futi kamba, uwapime wateja wako. Mwenye kushona sare za shule apime watoto wa madarasa yote, wa kwanza hadi wa mwisho. Mafundi cherehani wetu wana madaftari yaliyojaa vipimo vya miaka mingi, na madaftari hayo ni hazina ambayo hakuna kiwanda cha Guangzhou kilicho nayo. Mali bila daftari huisha bila habari, na katika biashara hii daftari la vipimo ni mtaji kama zilivyo fedha.

Kuhusu maandishi na nembo, fuateni fundisho la kanga. Msitume maneno ya kuchapwa kwa ujumbe wa simu. Tumeni faili la mchoro ambalo herufi zake zimekwisha kugeuzwa kuwa michoro, ili kiwandani wasilazimike kuandika neno lolote upya.

Pili, kitambaa.

Wengi wetu tunauliza bei ya nguo kabla ya kuuliza uzito wa kitambaa, na muuzaji anajua. Fulana ya gramu 180 na fulana ya gramu 130 zinafanana kabisa kwenye picha. Bei zake haziwezi kufanana, na maisha yake hayafanani. Kwa fulana ya kawaida, gramu 160 hadi 180 ni uzito wa heshima. Kwa polo, gramu 200 hadi 220. Ukipewa bei ya ajabu, swali la kwanza liwe: gramu ngapi, na mchanganyiko upi?

Ombeni kipande cha kitambaa kabla ya sampuli ya nguo, kisha mkifanyie majaribio nyumbani. Hayahitaji maabara. Chomoeni nyuzi chache mziwashe kwa kiberiti: pamba huungua ikinuka kama karatasi na kuacha jivu laini, polista huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Ukiambiwa ni pamba tupu na ukaona punje, umekwisha jua unazungumza na mtu wa namna gani. Chukueni leso nyeupe, ilowesheni, mkamue, mkisugue nayo kitambaa mara kadhaa. Leso ikichukua rangi, sare hizo zitachafua mashati ya watoto katika mvua ya kwanza. Mwisho, chora mraba wa sentimeta 50 kwa 50 juu ya kitambaa, fua kama mama wa nyumbani anavyofua, anika juani, pima tena. Ukikuta sentimeta 47 na nusu, kitambaa kimerudi kwa asilimia 5. Maana yake ni kwamba polo iliyokuwa na kifua cha sentimeta 52, baada ya kufuliwa itakuwa na sentimeta 49 na kidogo. Mteja alinunua XL, baada ya kufua anavaa L. Hatamlaumu mfumaji wa China. Atalilaumu duka lako, na atawaambia majirani.

Tatu, sampuli.

Sampuli inauzwa, na bei yake huwa kubwa kuliko nguo moja ya kwenye oda kubwa. Lipeni. Hakuna fedha katika biashara hii inayolinda fedha nyingine kama hiyo. Sampuli ya kwanza mara nyingi hushonwa kwa kitambaa kilichokuwapo karibu, ili muone umbo. Msiishie hapo. Dai sampuli ya pili, ya kitambaa chenyewe, rangi yenyewe, vifungo vyenyewe na lebo yenyewe. Mvalisheni mtu halisi, aketi, ainue mikono, apande daladala nayo. Ifueni mara tatu. Ikiwaridhisha, zishonwe mbili zilizo sawa: moja ibaki kwenu, moja ibaki kiwandani, zote zimetiwa saini na tarehe. Tangu siku hiyo, ugomvi wowote unaamuliwa na nguo hiyo.

Pamoja na sampuli kuna suala la idadi. Kiwanda huweka kiwango cha chini cha oda, na sababu yake ni ya haki: kitambaa hutiwa rangi kwa mkupuo, na mashine ya kutia rangi haifanyi kazi ya mita chache. Ukiomba fulana 200 katika rangi nane, umeomba mikupuo minane midogo, na kiwanda kitakutafutia rangi zinazokaribiana na zile ulizotaka, zilizobaki kwenye oda za watu wengine. Mwenye mtaji mdogo aagize rangi mbili nzuri. Au afanye kama wanavyofanya wengi sasa: aagize nguo tupu zenye vipimo vyake, kisha nembo zidariziwe au zichapwe hapa nyumbani, kwa mteja mmoja mmoja anapokuja. Hapo hata oda ya vipande 20 ya ofisi ndogo inampa faida, na fundi wa kudarizi wa jirani anapata riziki.

Nne, fedha na mkataba.

Utaratibu uliozoeleka ni kulipa asilimia 30 wakati wa kuanza kazi na asilimia 70 kabla mzigo haujaondoka. Hakuna ubaya, ila neno "kabla" lifafanuliwe: ile 70 ilipwe baada ya ukaguzi, siyo baada ya muuzaji kutuma picha ya makasha. Jina la akaunti ya benki lilingane na jina la kampuni lililo kwenye leseni. Kampuni iliyosajiliwa China ina namba ya utambulisho ya tarakimu na herufi 18, na usajili wake unaweza kutazamwa kwenye mfumo wa wazi wa serikali yao. Ukiombwa utume fedha kwenye akaunti ya mtu binafsi, au ukipokea ujumbe katikati ya kazi kwamba akaunti imebadilika, simama. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, usikie sauti unayoijua.

Mkataba wenyewe unaweza kuwa kurasa mbili. Utaje karatasi ya maelezo, sampuli iliyotiwa saini, idadi kwa kila saizi na rangi, tarehe ya kumaliza, na kitakachofanyika mzigo ukichelewa au ukikosewa. Andika pia kwamba kazi haitahamishiwa kiwanda kingine bila ruhusa yako. Sharti hili lina uzito kuliko linavyoonekana, nami nitalirudia baadaye kidogo.

Ukaguzi una kanuni yake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2859-1 kinatumiwa na wakaguzi wa nguo duniani kote. Kwa mzigo wa vipande 281 hadi 500, katika ukaguzi wa kawaida, mkaguzi hufungua vipande 50 alivyovichagua mwenyewe kutoka makasha mbalimbali. Kwa kiwango cha 2.5 kinachotumika sana kwa kasoro kubwa, akikuta vipande vyenye kasoro vitatu au pungufu, mzigo unapita. Akikuta vinne, mzigo unakataliwa na kiwanda kinatakiwa kuurekebisha. Wapo wakaguzi wa kulipwa kwa siku katika miji yote mikubwa ya viwanda. Hata kama utamtuma ndugu anayesoma huko, mpe karatasi, futi kamba na kanuni hii, wala asikubali kuchaguliwa makasha ya kufungua.

Tano, safari na ushuru.

Hapa ndipo hesabu nyingi hufia, maana mtu huona bei ya kiwandani na kufurahi. Tufanye hesabu ya mfano pamoja. Mashati 300 kwa dola 4 ni dola 1,200. Usafiri wa bahari na bima mpaka Dar es Salaam, tuseme dola 300. Thamani ya forodha sasa ni dola 1,500, kwa sababu ushuru hukokotolewa pamoja na nauli ya meli na bima. Tangu Julai 2022, ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una kundi la juu la asilimia 35, na nguo zilizoshonwa zimo humo. Asilimia 35 ya 1,500 ni dola 525. Jumla 2,025. VAT ya Tanzania Bara, asilimia 18 juu ya jumla hiyo, ni dola 364 na nusu. Tumefika dola 2,389 na nusu, kabla ya tozo ndogondogo, gharama za bandari na malipo ya wakala wa forodha. Gawanya kwa 300: shati la dola 4 limekuwa la karibu dola 8. Vipande 30 vikitoka vibovu, mashati 270 yaliyobaki yamekugharimu karibu dola 8 na senti 85 kila moja. Anayepanga bei ya duka kwa kuangalia ile dola 4 anauza kwa hasara huku anacheka na wateja. Viwango hivi huguswa na bajeti ya kila mwaka, kwa hiyo kabla ya kila oda muulize wakala aliyesajiliwa, au uende mamlaka ya mapato, TRA, mwenyewe, na uulize shirika la viwango, TBS, masharti ya ubora wa nguo unayotaka kuingiza. Mwenzetu wa Kenya aulize KRA na KEBS.

Wengi hapa mnatumia wasafirishaji wa mizigo ya pamoja, wanaotoza kwa mita ya ujazo kwa meli na kwa kilo kwa ndege, "mpaka Dar, kila kitu ndani". Ni huduma iliyofungua mlango kwa wenye mtaji mdogo, na sitaibeza. Lakini jueni mnachokosa: mara nyingi hati za forodha haziko kwa jina lenu. Siku mtakapotaka zabuni ya sare za taasisi, au mkopo wa benki, au kudai VAT mliyolipa, mtaulizwa hati hizo. Anayekusudia kukua aanze mapema kuingiza japo mzigo mmoja kwa jina lake na TIN yake.

Someni pia herufi tatu zinazoambatana na bei. EXW maana yake mzigo ni wako tangu mlangoni mwa kiwanda, na gharama zote ni zako. FOB maana yake muuzaji anaufikisha na kuupakia melini katika bandari yake. CIF, muuzaji analipa meli na bima mpaka bandari yako, ila ushuru ni wako. Bei mbili zenye herufi tofauti hazilinganishwi.

Na muda? Hesabuni kwa kurudi nyuma. Shule zinafunguliwa Januari. Wazazi wananunua Desemba. Mzigo uwe dukani Novemba. Ondoa muda wa bandari na meli, karibu mwezi mmoja na nusu. Ondoa muda wa kushona, siku 30 hadi 45. Ondoa muda wa sampuli mbili na kuzifua. Umekwisha fika Julai. Anayeanza Oktoba atalazimika kutumia ndege, na ndege itakula faida yote. Wa nguo za Idi akumbuke mambo mawili: Idi hurudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka, na viwanda vya China hufungwa kwa majuma kadhaa wakati wa mwaka wao mpya, Januari au Februari.

Ndugu zangu, nimesema nitalirudia lile sharti la kutohamisha kazi. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134. Wengi walikuwa mabinti wa cherehani. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani na watu wakatolewa nje. Kesho yake wafanyakazi waliamriwa kurudi kazini, kwa sababu oda zilikuwa zikisubiriwa. Waliokuwa wakisubiri ni makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani, lakini tabia ile inaweza kuwa yetu pia. Kila tunapobana bei hadi mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kushona kwa haki, au tunapobadilisha rangi wiki ya mwisho huku tukidai tarehe ileile, kuna binti fulani anayekesha kwenye mashine, pengine katika kiwanda cha tatu ambacho hatukijui. Muulizeni muuzaji: nguo hii itashonwa wapi, katika jengo gani? Mwombe mtu apite. Sisi ambao bibi zetu na mama zetu wameishi kwa cherehani hatuna udhuru wa kutouliza.

Pia msiagize chapa za watu. Kuandika jina la kampuni kubwa kwenye fulana ya dola 2 ni wizi, na mzigo wa namna hiyo ukikamatwa na Tume ya Ushindani huteketezwa. Juhudi hiyohiyo ya kuiga jina la mwingine itieni katika jina lenu. Sajilini alama yenu ya biashara kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kabla haijawa maarufu, maana ikishakuwa maarufu mtagombania mali yenu wenyewe.

Namalizia kwa jambo linalonigusa kuliko yote.

Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilianza kazi hapa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na kikachapa kanga na vitenge vilivyovaliwa nchi nzima. Leo nchi inayolima pamba Shinyanga, Simiyu na Mwanza huuza nje sehemu kubwa ya pamba hiyo ikiwa ghafi, kisha inanunua mashati yaliyorudi kwa meli. Simlaumu mfanyabiashara mdogo kwa hilo; yeye ananunua panapopatikana kile mteja wake anachokitaka. Ila nataka mjue mlichonacho mikononi. Kijana aliyejifunza kuandika karatasi ya maelezo, kupima kitambaa, kukataa sampuli mbovu na kukagua mzigo kwa kanuni, ana ujuzi ambao viwanda vyetu vya ndani vinauhitaji kwa wateja wao. Fundi wa Mwenge au kiwanda kidogo cha Morogoro akipewa karatasi ileile ambayo kiwanda cha Guangzhou kilipewa, atajua hasa anatakiwa afanye nini, na atajulikana pale anaposhindwa na pale anapoweza.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Oda yenu ijayo isitoke mpaka iwe na karatasi yenye vipimo vya sentimeta. Unganeni, watatu au wanne wanaouza nguo za aina moja, mshirikiane kitambaa, ukaguzi na kontena, huku kila mmoja akibaki na chapa yake. Na kwa kila oda mnayopeleka ng'ambo, pelekeni karatasi hiyohiyo kwa mshonaji mmoja wa hapa nyumbani, mwombe bei na sampuli, mlinganishe kwa haki, mkiweka ushuru, nauli na muda katika mizani. Pale wa nyumbani atakapofaa, mpeni kazi.